Pumzi kwa Kipimo

Kitendawili! Haya, jibuni: tega!

Sina mikono wala miguu, nimo katika kila nyumba ya hapa kwetu Werugha milimani, na nikikosekana dakika chache tu, hata simba wa Tsavo hainuki. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Jibu ni hewa.

Katika kila mafungu 100 ya hewa, karibu 21 ni oksijeni. Ukivuta pumzi, oksijeni huingia mapafuni, nazo chembe nyekundu za damu huibeba hadi ubongoni na moyoni. Ukitoa pumzi, unatoa kabonidayoksaidi, taka ya mwili. Kuingiza na kutoa, yote mawili ni lazima.

Sasa tuseme yupo nyanya mmoja aliyepikia kuni miaka mingi jikoni pasipo dirisha, maana ukungu na baridi ya milimani vilimfanya ajifungie na moto. Moshi umemchakaza mapafu. Siku moja kifua kinambana, hawezi kumaliza sentensi. Ambulensi inaitwa. Njia ya kuteremka Wundanyi, Mwatate, hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Voi ina kona si haba, na garini mna mtungi wa oksijeni. Je, mhudumu aufungulie mpaka mwisho?

Wajukuu zangu, oksijeni ni dawa, na dawa hupimwa. Wakulima wa Werugha wanajua: kabeji ikikosa maji hunyauka, ikizidishiwa huoza mizizi.

Kwa hiyo mhudumu kwanza humbana nyanya kidoleni kwa kifaa kidogo chenye mwanga mwekundu, kilichotokana na ubunifu wa Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970. Kifaa huonyesha damu imebeba oksijeni kiasi gani kwa mia. Wagonjwa wengi hulengewa 94 hadi 98. Nyanya wetu, kwa mapafu yake yaliyochakaa, hutoshwa na 88 hadi 92. Huenda vimirija vya puani vyenye lita 1 au 2 kwa dakika vikamfaa.

Kwa nini asipewe zaidi? Mapafu yaliyougua hivyo hupeleka damu nyingi zaidi pale hewa inapopita vizuri. Oksijeni ikizidi, mpango huo huvurugika, kabonidayoksaidi hurundikana damuni, na mgonjwa huanza kusinzia. Kile kifaa hakiioni taka hiyo. Kitasoma 100, na nyanya anazidiwa!

Jambo hili lilipimwa Tasmania, kisiwa cha Australia, kwa wagonjwa 405 waliobanwa na pumzi wakipelekwa hospitali kwa ambulensi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: kati ya kila 100 waliofunguliwa oksijeni nyingi, walikufa kama 9; kati ya kila 100 waliopimiwa, kama 4.

Lakini mtu asiseme kwamba babu kawaambia oksijeni ni mbaya. Ikipungua mno, ubongo huharibika upesi. Mgonjwa mahututi hupewa nyingi kwanza, kisha hupunguziwa kadiri anavyopata nafuu.

Nanyi mna kazi yenu. Mkalisheni mgonjwa wima, fungueni madirisha, na moto wowote usisogee karibu na mtungi, kwani oksijeni huuchochea. Ambulensi ikifika, msikae kimya kwa heshima ya wakubwa. Mwambieni mhudumu: "Nyanya ana ugonjwa wa kifua wa siku nyingi." Maneno hayo ndiyo yatakayomwambia alenge 88 au 98.