Umande wa Shamba la Tumbaku

Alfajiri, mvua za Katavi zikiwa bado hazijakatika, mchumaji wa tumbaku hamalizi mstari wa kwanza kabla nguo hazijamlowa hadi kifuani. Majani aliyoyabana kwapani yanachuruzika maji. Ikifika saa nne vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu unaonata, na sabuni ya mche haiutoi kwa mara moja. Jioni kichwa kinamgonga, anatapika, jasho linamtoka, miguu haina nguvu. Nyumbani wanasema ni malaria, na dawa mseto inanunuliwa dukani.

Huenda ni malaria kweli. Lakini huenda pia amelewa tumbaku bila kuvuta hata msokoto mmoja.

Mtumbaku hutengeneza nikotini mizizini na kuipandisha majanini, iwe sumu kwa wadudu wanaoutafuna. Mkulima akikata maua ili majani yanenepe, nikotini huongezeka. Nayo huyeyuka kwenye maji: umande ulio juu ya jani huibeba, na ngozi iliyolowa huipitisha hadi kwenye damu, hasa yenye mikwaruzo.

Huko ndani inakuta milango iliyo wazi. Mishipa ya fahamu hupashana habari kwa kemikali, na mojawapo ni asetilikolini. Nikotini huweza kukaa kwenye vipokezi vyake. Kwa mvutaji, hufika ubongoni ndani ya sekunde chache na kuamsha dopamini, ndiyo maana anatamani sigara nyingine. Kwa mchumaji huingia polepole, saa baada ya saa, bila starehe yoyote: inachokoza sehemu ya ubongo inayoamuru kutapika, tumbo linasokota, mate yanajaa mdomoni, mapigo ya moyo yanavurugika. Watoto ndio wanaonitia uchungu. Mwili wao ni mdogo, na haujaizoea nikotini kama wa mvutaji.

Madaktari waliuandika ugonjwa huu Florida, Marekani, mwaka 1970. Kwetu, kuanzia Mlele hadi Katumba na Mishamo, makazi ya waliokimbia Burundi mwaka 1972, tumbaku imejenga nyumba na kulipa ada, kwa hiyo simwambii mtu aache kulima. Namwambia asubiri umande ukauke. Mvua ikilazimisha, avae koti la mvua na glovu. Akitoka shambani avue nguo zilizolowa na aoge kwa sabuni kabla ya kukaa kufunga majani kwenye fito, kwa sababu nusu ya nikotini hutoka kwenye damu kwa takribani saa mbili, ila nguo mbichi mwilini inaendelea kumwongezea.

Kwenye zahanati, kipimo cha malaria kitangulie dawa, na mgonjwa aseme alikuwa akichuma tumbaku. Aseme pia kama shamba lilipigwa dawa ya wadudu siku hizo. Baadhi ya dawa hizo hufanya asetilikolini irundikane mwilini, dalili zikafanana, na matibabu yake ni mengine kabisa. Mboni za macho zikiwa zimesinyaa na pumzi inakuwa nzito, asingoje asubuhi.