Historia ya Kamera, Sehemu ya Nne: Kalulu Alipita Ukonongo, Picha Ikapigwa London

Agosti 2025 kampuni ya Eastman Kodak ya Marekani iliwatangazia wenye hisa zake kwamba ina shaka kama itaweza kuendelea na biashara. Madeni ya takriban dola milioni 500 yalikaribia kuiva na fedha za kuyalipa zilikuwa hazijapatikana. Wapenzi wa kamera za mkanda walishtuka, na walikuwa na haki. Lakini msomaji wa Inyonga, mkoani Katavi, ana deni la zamani zaidi la kudai, deni la picha, nalo lianze.

Waliosoma sehemu iliyopita wanakumbuka taabu ya kioo kibichi. James Augustus Grant, mwenzake mpelelezi Speke, alikitumia kupiga picha Unguja mwaka 1860. Kioo kilipakwa dawa, kikachovywa kwenye maji ya fedha, kikatiwa kwenye kamera, kisha kikasafishwa kabla hakijakauka: muda wa dakika kumi hivi, kumi na tano zikizidi. Kazi ya dawa ilifanyika ndani ya kihema kilichozibwa kila upenyo wa mwanga, jua likikipiga juu. Speke aliona joto lile litamuua mwenzake. Grant akaiweka kamera, akashika penseli, na walipofika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, Januari 1861, bara lilichorwa kwa mkono.

Miaka kumi baadaye alikuja mwandishi wa habari Stanley, akimtafuta mpelelezi Livingstone. Vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji, kwa hiyo Septemba 1871 aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, akazunguka kusini, akapita Ukonongo, nchi ambamo leo upo mji wa Inyonga. Katika msafara huo alikuwamo mtoto mtumwa, Ndugu M'Hali, ambaye mfanyabiashara mmoja Mwarabu wa Tabora alimtoa kwa Stanley kama zawadi. Mtoto wa watu, zawadi! Stanley akamfuta jina lake, akamwita Kalulu.

Mwaka 1872 wawili hao walisimama mbele ya kamera ya London Stereoscopic Company. Stanley amevaa mavazi yaliyotangazwa kuwa ndiyo aliyokutana nayo na Livingstone, na mandhari ya Afrika nyuma yao ni ya studio. Picha hizo ndogo za kadi ziliuzwa kwa umma. Miyombo ya kweli ambayo mtoto yule aliivuka kwa miguu haikupigwa hata picha moja katika safari ile. Iliyouzwa ni Afrika ya kutengenezwa. Aprili 1874 Kalulu alihudhuria mazishi ya Livingstone katika kanisa la Westminster Abbey. Machi 1877, akiwa tena safarini na Stanley, alizama katika maporomoko ya mto Kongo. Uso wake umebaki kwenye kadi, na kadi ziko kwenye hifadhi za nyaraka za Ulaya.

Mtindo huo wa picha kuishia Ulaya uliendelea. Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha nyingi katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1906, na leo ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani, ingawa tangu 2008 nyingi zinaonekana bure kwenye intaneti. Ni jambo jema, lakini haliondoi wajibu wa wenyeji wa kutunza picha zao.

Unguja imeonyesha njia. Ranchhod Oza, aliyejifunzia kazi katika studio ya zamani ya Mgoa A. C. Gomes mjini humo, alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mwanawe Rohit akairithi pamoja na negativu, ndiyo maana picha za mji wa miaka ile bado zinaweza kusafishwa upya. Huko bara, mara nyingi mpiga picha akifa, negativu hutupwa kama takataka na picha za harusi huachiwa mchwa. Kutupa namna hiyo ni kumkana babu, na wazee wanaoruhusu jambo hilo wanapaswa kuulizwa.

Kuhusu Kodak, shaka ile ya kampuni haijaua mkanda. Juni 2024 Pentax ilitoa kamera mpya ya mkanda, Pentax 17, inayogawa kila picha nusu ili mkanda mmoja utoe picha maradufu. Na Zenit-E ya Kisovieti, ambayo kipimo chake cha mwanga huendeshwa na seleniamu, haihitaji betri hata moja. Anayeipata nzima asiiuze kwa pupa.

Negativu za zamani ndizo zisizosubiri. Zishikwe kingoni, kidole kisiguse uso wake, zitiwe kwenye bahasha za karatasi na kuwekwa mahali pakavu, mbali na bati linalopata moto mchana. Asiye na mashine ya kuskani aweke skrini nyeupe ya simu moja chini, aegeshe negativu juu yake kwa nafasi ya sentimita chache ili nukta za skrini zisionekane, aipige kwa simu ya pili, kisha ageuze rangi kwa programu ya kuhariri picha. Nyuma ya bahasha aandike kwa penseli jina la aliyepigwa, kijiji na mwaka, wakati bado yupo mzee wa kuulizwa.