Kompyuta Kuukuu si Takataka

Hapa kwetu Nachingwea, kama ilivyo Ruangwa, kompyuta ikizeeka huishia stoo au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kamati yetu ya msikiti nayo ilikaribia kuiuza moja kwa kilo, hadi kijana mmoja wa madrasa alipoomba kuifungua. Alifuta vumbi, akabadilisha betri iliyovuja na kapasita zilizovimba, ikawaka.

Mzee wetu mmoja akauliza: "Je, hawatashinda wakicheza magemu?" Hofu hiyo ni ya haki. Lakini kucheza gemu ni jambo moja, na kusoma lilivyoandikwa ni jingine.

Mwaka 1984 wanafunzi wawili wa Cambridge, Ian Bell na David Braben, walitoa gemu la Elite kwa kompyuta ya nyumbani ya BBC Micro, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Lina galaksi 8, kila moja ina sayari 256. Sayari hizo hazikuhifadhiwa. Hukokotolewa kutokana na namba chache kila zinapohitajika. Anayeusoma msimbo wake hujifunza hesabu na kuepuka israfu.

Wazazi wetu wengi hawakuziona mashine hizo, kwani mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Tusiwakoseshe wanetu mara ya pili.

Kamati imekubali isiuzwe, kwa masharti: wajifunze baada ya Alasiri, mbele ya mwalimu, na wasifungue skrini ya kichogo, kwani hubaki na umeme hata ikichomolewa.