Kadi ya daktari: kwa nini Marekani humpima dereva wa lori

Mtu akifika Marekani kutoka Mombasa, Bukavu au Kigoma, akauliza kazi gani inalipa vizuri bila kurudi chuoni miaka 4, hakosi kuambiwa achukue CDL, yaani leseni ya magari makubwa ya biashara. Ataelezwa ada ya shule, mtihani wa maandishi, mtihani wa barabarani na kampuni zinazoajiri. Kadi ya daktari, yaani cheti cha afya cha dereva, hutajwa mwishoni, tena kwa sauti ya chini: "Kama una presha, usiseme." "Kama una sukari, nyamaza tu."

Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini umepitwa na wakati. Kwa miaka mingi sasa sheria ya Marekani imekuwa ikielekea pande mbili kwa pamoja: inamfungulia mlango mgonjwa anayejitunza, na inambana anayeficha. Kuelewa ilivyofika hapo kunakusaidia kuliko minong'ono.

Ilikoanzia

Mwaka 1935 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya usafirishaji wa magari, na tume ya biashara ya baina ya majimbo ikapewa uwezo wa kuamua dereva awe na sifa gani na afanye kazi saa ngapi. Kazi hiyo baadaye ilihamia Wizara ya Uchukuzi, ile ambayo madereva huiita DOT. Tangu mwaka 2000 inasimamiwa na chombo kilicho chini ya wizara hiyo, FMCSA. Kanuni ya afya ina viwango 13, na vyote vinazunguka swali moja: je, kuna kitu katika mwili huu kinachoweza kumfanya dereva azimie, asione, asisikie au ashindwe kulidhibiti gari ghafla?

Kwa hiyo usiuchukulie uchunguzi huu kama matibabu. Hakuna atakayekutafutia saratani wala kukuandikia dawa. Unapimwa kwa ajili ya watu wengine walio barabarani.

Basi la New Orleans

Tarehe 9 Mei 1999, Siku ya Akina Mama, basi la kukodi lililokuwa likiwapeleka abiria kasino, wengi wao wazee, liliacha barabara kuu mjini New Orleans. Abiria 22 walikufa. Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi waligundua kwamba dereva alikuwa na maradhi makubwa ya figo na moyo, na alikuwa ametibiwa mara nyingi. Hata hivyo, alikuwa na cheti halali cha afya.

Wakati ule karibu mtaalamu yeyote wa afya aliyeruhusiwa na jimbo lake kupima mwili wa mtu aliweza kusaini cheti, hata kama hajui lori linaendeshwaje wala kanuni inasema nini. Dereva aliyekataliwa kliniki moja angeweza kwenda ya pili, akanyamazia maradhi yake, akatoka na karatasi. Bodi ilisema wazi kwamba mfumo wenyewe ulishindwa.

Bunge liliagiza marekebisho mwaka 2005, na tangu 21 Mei 2014 anayesaini cheti lazima awe kwenye Daftari la Taifa la Wapimaji. Anaweza kuwa daktari, muuguzi wa ngazi ya juu, au hata mtaalamu wa kunyoosha mgongo, ilimradi amepata mafunzo na kufaulu mtihani. Daktari wako wa familia, hata awe bingwa, hawezi kukusainia ikiwa jina lake halimo humo.

Nani anaihitaji

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. CDL inahitajika gari linapofikia uzito uliokadiriwa wa pauni 26,001. Kadi ya daktari inaanza mapema zaidi: pauni 10,001, karibu kilo 4,536, kwa anayebeba mizigo ya biashara kutoka jimbo hadi jimbo. Ndugu anayeendesha lori la boksi bila CDL, au anayevuta tela kwa pikapu kubwa, huenda anaihitaji bila kujua, na siku ya ukaguzi barabarani ataambiwa asisogeze gari.

Ndani ya chumba cha kupimwa

Kwanza unajaza fomu ya historia ya afya: upasuaji, dawa, kuzimia, usingizi, moyo, kifafa. Unaisaini, na saini hiyo ina uzito wa kisheria. Ukisema uongo, cheti kinaweza kufutwa na unaweza kuadhibiwa.

Macho yanatakiwa yafikie 20/40 kila moja, kwa miwani au bila miwani, na uweze kutambua nyekundu, kijani na kaharabu za taa za barabarani. Kwa masikio, unatakiwa usikie mnong'ono kutoka futi 5, kama mita moja na nusu, na kifaa cha kusaidia kusikia kinaruhusiwa. Mkojo unapimwa protini, damu na sukari. Kipimo cha dawa za kulevya ni kingine, chenye kanuni zake, ingawa mara nyingi kampuni hukifanya siku hiyo hiyo.

Presha ndiyo inayowasumbua wengi. Kwa mwongozo wanaoufuata wapimaji, aliye chini ya 140/90 anaweza kupewa kadi ya miaka 2, ambao ndio muda mrefu kabisa. Kuanzia 140/90 hadi 159/99 hupewa mwaka 1. Kuanzia 160/100 hadi 179/109 hupewa miezi 3, mara moja tu, aishushe. Ikifika 180/110 hapati kadi mpaka itulie. Kwa hiyo mwenye presha anayemeza dawa zake kila siku yuko mahali pazuri kuliko asiyewahi kupima, anayeingia kliniki akiwa na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu mkononi.

Milango iliyofunguliwa

Zamani mwenye kisukari anayejidunga insulini hakuruhusiwa kuendesha kutoka jimbo hadi jimbo, isipokuwa aombe msamaha maalumu serikalini. Tangu Novemba 2018 hilo limekwisha. Daktari anayemtibu anajaza fomu, dereva analeta rekodi za sukari za miezi 3 kutoka kwenye mashine yake, kisha mpimaji anaweza kumpa kadi ya hadi mwaka 1. Anayezuiwa ni yule ambaye kisukari kimeshamharibu macho vibaya, au aliyepatwa na kushuka kwa sukari kukali hivi karibuni.

Mwaka 2022 ikawa zamu ya macho. Mwenye jicho moja dhaifu anaweza kupimwa na mtaalamu wa macho, na jicho zuri likifikia kiwango anapewa kadi ya mwaka mmoja mmoja. Kwa aliyekosa mkono au mguu kuna cheti cha uwezo kinachotolewa baada ya kuthibitisha kwamba anaweza kuliendesha gari. Kifafa bado ni kigumu. Njia ipo, lakini inapita kwenye ombi la msamaha, na kwa kawaida inadai miaka 8 bila degedege.

Tatizo la kukatikiwa pumzi usingizini limebaki katikati. Serikali ilianza kufikiria kanuni maalumu mwaka 2016, ikaachana nayo mwaka 2017. Uamuzi umebaki kwa mpimaji. Akiona uzito mkubwa, shingo nene na presha, anaweza kukutuma ukapimwe usingizi. Ukipewa CPAP, yaani mashine ya kusaidia kupumua usingizini, itumie, kwa sababu inahifadhi rekodi za matumizi na ataziomba.

Bangi na miraa

Bangi ni halali kwenye majimbo mengi, lakini dereva wa lori yuko chini ya sheria ya serikali kuu, ambayo haijali jimbo limesema nini. Mafuta ya CBD, yanayotokana na mmea wa bangi, nayo si kinga. Kipimo kikionyesha bangi, kusema "nilitumia mafuta tu" hakukuokoi.

Kwa wenzetu wa Meru, Mombasa na Somalia kuna jingine. Miraa mbichi ina kathinoni, na Marekani imeiweka kathinoni kwenye kundi moja na heroini. Kanuni ya afya inakataza dereva kutumia chochote cha kundi hilo. Nyumbani ni mazao yenye soko. Huku ni kosa, na kwa dereva ni kazi iliyopotea.

Karatasi imehamia kwenye kompyuta

Mpimaji anatakiwa kutuma matokeo kwenye daftari la taifa kufikia usiku wa manane wa siku inayofuata, na tangu 23 Juni 2025, kwa wenye CDL taarifa hupelekwa moja kwa moja kwenye ofisi ya leseni ya jimbo. Si majimbo yote yaliyokuwa tayari, hivyo FMCSA ikaruhusu karatasi itumike kwa muda. Tunza nakala yako, na uhakikishe jimbo limeipokea. Kadi ikiisha bila mpya kuingia, jimbo linatakiwa kukuondolea CDL ndani ya siku 60.

Kukataliwa nako kunaandikwa. Kutafuta maoni ya mpimaji wa pili si kosa, ilimradi umpe maelezo yale yale uliyompa wa kwanza. Ukibadilisha maelezo, fomu mbili zenye saini yako zitapingana.

Basi panga miadi angalau mwezi mmoja kabla kadi haijaisha. Nenda na orodha ya dawa, miwani yako, barua ya daktari wa moyo kama unaye, rekodi za sukari au za CPAP. Kama Kiingereza cha hospitali kinakupa shida, jizoeze mapema kuyataja maradhi na dawa zako kwa majina ya huku. Na kama hujapima presha tangu ulipotua Marekani, kapime wiki hii kwenye duka la dawa, ambako mara nyingi ni bure. Ikiwa juu, bado una muda wa kuishusha kabla mpimaji hajaiona.