Futi Elfu Moja za Anga

Tukaapo Kiseke jioni na kuitazama ndege ikiteremka kuelekea uwanja wa Mwanza, hatudhani kwamba salama ya abiria wake yaweza kutegemea tarakimu moja tu, iliyosikiwa sawasawa na rubani. Waongoza ndege aghalabu huzitenga ndege angani kwa kimo cha futi 1,000. Na katika makosa mashuhuri ya kazi hiyo ni rubani kuamriwa futi 11,000 naye akasikia 10,000, kwa kuwa akili iliyochoka, au iliyoshughulishwa na mazungumzo, husikia ilichokitazamia. Mnamo Novemba 12, 1996, karibu na Delhi, ndege ya Kazakhstan iliyoamriwa isishuke chini ya futi 15,000 iliupita mpaka huo, ikagongana na ya Saudia iliyokuwa ikipanda kutoka Delhi, na roho 349 zikapotea. Ili kuyaepuka makosa ya namna hii, rubani hulazimika kuirudia amri kwa sauti, kisha mmoja wa marubani akaiweka tarakimu kwenye chombo cha kimo, na mwenziwe akaielekezea kidole na kuitamka. Desturi hii yaonekana ndogo, nami naitukuza, kwani mwanadamu hakuumbwa asighafilike. Ewe msafiri, ukiambiwa safari imeahirishwa kwa kuwa rubani amezitimiza saa zake za kazi, stahimili, kwani akili iliyochoka ndiyo ikoseayo tarakimu.