Nguo Isimtangulie Mwenyewe

Juma hili naomba tuzungumze habari ya mavazi, lakini si mavazi ya arusi wala ya Idi. Ni mavazi ya kwendea usaili wa uanamitindo na ya kupigia picha za matangazo. Nimelazimika kuligusa jambo hili baada ya binti wa jirani yangu hapa Bagamoyo kurudi kutoka Dar es Salaam machozi yakimlengalenga. Alikuwa amekwenda kwenye usaili wa tangazo la sabuni ya kufulia. Mama yake alikopa shilingi 120,000 kwenye kikoba chao, likanunuliwa gauni la kumetameta Kariakoo, viatu vya kisigino kirefu, na nywele za bandia za kufika mgongoni. Alipofika huko aliwakuta wasichana wengi tu. Walioambiwa wabaki ni wale waliokuja na blauzi ya pamba na kanga kiunoni, kwani tangazo lenyewe lilimtaka mama anayefua uani kwake. Yeye alishukuriwa kwa adabu na kuonyeshwa mlango. Na marejesho ya kikoba ni kila Jumamosi.

Sasa, kosa lilikuwa wapi? Kosa ni letu sote, kwamba tunauchukulia usaili kana kwamba ni sherehe. Anayechagua wanamitindo hatafuti nguo nzuri. Nguo anazo yeye mwenyewe, au anazo mbunifu aliyemtuma. Anachotafuta ni mtu wa kuzivaa. Hivyo anataka kuona mabega yalivyokaa, shingo na miguu ina urefu gani, mwendo ukoje, na ngozi ikoje kabla haijapakwa kitu. Gauni la kumetameta linamficha mtu ambaye yeye amekuja kumtazama.

Kwa usaili wa maonyesho ya mavazi, mathalani yale ya Swahili Fashion Week yaliyoanzishwa na mbunifu Mustafa Hassanali mwaka 2008, kinachofaa ni fulana isiyo na maandishi, nyeusi au ya kijivu, inayokaa mwilini bila kukaba, na suruali ya jinzi ya rangi moja. Viatu vya kisigino binti avibebe kwenye mfuko, avivae wakati wa kutembea, na awe amevizoea nyumbani. Nywele zifungwe nyuma. Herini kubwa zibaki nyumbani. Mvulana naye ni hivyo hivyo, ila visigino. Vyote hivi vinapatikana kwenye mitumba ya Karume au Manzese bila kugusa fedha ya kikoba.

Watakaosema kwamba ukienda hivyo utaonekana maskini, nawakumbusha Flaviana Matata. Mwaka 2007, Tanzania ilipopeleka mwakilishi Miss Universe kwa mara ya kwanza, kule Mexico, dada huyu alipanda jukwaani kichwa kimenyolewa, katikati ya warembo wenye nywele za kumwagika mabegani. Alishika nafasi ya sita, kisha akaendelea na kazi ya uanamitindo New York.

Matangazo ya biashara yana kanuni nyingine. Huku unatakiwa ufanane na mtu wa kwenye hadithi. Kama ni tangazo la benki, vaa kama mtu anayekwenda benki kweli. Kama ni la unga wa ugali, vaa kama mtu aliyekula ugali jana. Halafu kuna suala la rangi, ambalo hapa kwetu lina mitego yake. Ukivaa kijani na njano kwa pamoja, wengine wataona Yanga na wengine wataona chama tawala. Ukivaa nyekundu na nyeupe, umekuwa Simba. Mwenye bidhaa anataka kuwauzia wote, kwa hiyo hatakuelewa. Ukiitwa na kampuni ya simu, usiende na rangi ya mshindani wake, na nembo yoyote iliyo kifuani au kwenye kofia iache nyumbani. Na vijana wanaopenda nguo za mabaka mabaka kama za askari wajihadhari zaidi: Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi ya namna hiyo kuyasalimisha. Hilo si suala la mitindo tena.

Kanga nayo, ingawa ni vazi letu, huzungumza. Ina pindo, ina mji, na ina jina. Kwenye picha kubwa ya barabarani watu watalisoma lile jina kabla ya kusoma kinachotangazwa. Nimewahi kuona picha ya binti mpole akitabasamu, na chini kiunoni pameandikwa kijembe cha kumrushia mke mwenza. Soma kanga yako kabla hujaifunga, au ikunje maandishi yaingie ndani.

Tuje kwenye kamera. Wengi hupenda nyeupe kwa picha za pwani, na kweli kanzu nyeupe au gauni jeupe mbele ya bahari hupendeza macho. Lakini kamera haioni kama jicho. Hupima mwanga na kudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina rangi ya wastani. Ikikutana na nguo nyeupe kubwa chini ya jua, hupunguza mwanga ili nguo isiungue, na uso wa mtu mweusi unabaki kama kivuli. Simu za siku hizi hujitahidi kuutafuta uso, lakini hazifaulu kila mara. Wala tusidhani vyombo hivi vilitengenezwa kwa kutufikiria sisi: kwa miaka mingi filamu za rangi za Kodak zilisahihishwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi iliyoitwa Shirley. Kwa ngozi zetu, rangi kama manjano iliyokolea, machungwa, kijani cha jani la mgomba na bluu ya bahari ya kina humpa mpiga picha nafasi. Mistari myembamba iliyosongamana iepukwe, maana kwenye televisheni huchezacheza kama maji yanayochemka.

Wanaokuja kupiga picha ufukweni, kuanzia Kunduchi hadi huku kwetu, wakumbuke kwamba bahari yetu iko mashariki. Asubuhi jua hutokea baharini, hivyo ukisimama na bahari nyuma yako uso unakuwa gizani. Jioni, kuanzia saa kumi, jua liko upande wa nchi kavu, linakupiga usoni taratibu, na bahari nyuma yako inakuwa bluu. Saa sita mchana msihangaike. Mwanzoni mwa Machi, na tena katika siku za kumi za mwanzo wa Oktoba, jua hupita utosini kabisa hapa Bagamoyo, na kila mtu huonekana na mashimo machoni. Wakati wa kusi, kitambaa chepesi hupepea hadi kumfunika mtu uso. Fundi cherehani ashone sarafu mbili tatu ndani ya pindo, gauni litatulia. Likiwa pana mno, libanwe nyuma kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kamera huona mbele tu, na wakubwa wa kazi hii hufanya hivyo hivyo.

Njiani usivae nguo ya picha. Basi la kutoka Dar litaikunja, na lastiki za sidiria na soksi huacha alama mwilini ambazo huchukua muda kufutika. Vaa kitu kipana. Baibui linalofunguka mbele ni bora kuliko dera, kwa sababu halipiti kichwani likafuta vipodozi. Isitoshe linakusitiri unapopita sokoni na mbele ya barza za wazee. Magofu ya Kaole yana misikiti na makaburi, na aliyekwenda kupiga picha pale ajifunike na asikae juu ya kaburi. Huo ni uungwana tu, hauhitaji bango.

Nimeacha la mwisho ambalo wazazi huniuliza kwa sauti ya chini: je, nguo za kuogelea? Kazi ya kuonyesha nguo za kuogelea ipo, na ni halali. Lakini huelezwa mapema, mahali hutajwa, na watu wengine huwapo. Vipimo vya kifua, kiuno na nyonga huchukuliwa juu ya fulana ile ile niliyoisema. Picha za kwanza ambazo wakala wa kweli huomba ni za kusimama ukiwa na jinzi, mbele ya ukuta mtupu, moja ya mbele, moja ya ubavuni. Hata shindano la Miss World liliondoa kipengele cha nguo za kuogelea kuanzia mwaka 2015. Kwa hiyo anayemwita binti peke yake kwenye chumba cha hoteli, au anayemwomba kwa simu picha za nguo za ndani "za usaili", hana tangazo wala maonyesho. Muulizeni kama amesajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, kisha mwende BASATA wenyewe mkahakikishe. Na binti aliye chini ya miaka 18 aende na mzazi, akae pale pale mlangoni.

Binti wa jirani yangu ameitwa tena, safari hii ni tangazo la majani ya chai. Nimemwambia apige simu kwanza aulize anayetakiwa ni nani: mwenye hoteli, mpishi, au mgeni anayekaribishwa. Gauni la kumetameta mama yake amelifulia na kulipiga pasi, analikodisha kwa wanaokwenda arusini. Hadi Jumamosi iliyopita lilikuwa limerudisha shilingi 30,000.