Mti wa Maua ya Manjano: Tuutambue Kabla Watoto Hawajauonja

Juma lililopita tulikuwa wageni wa ndugu zetu mtaani Buruburu, Nairobi. Mtaa huo ulianza kujengwa miaka ya 1970, na katika bustani ndogo zilizo kati ya nyumba miti ya mapambo imestawi. Baada ya swala ya Alasiri tuliketi kivulini, watoto wakicheza mchezo wa kupika. Binti wa miaka minne akatujia na kopo lenye maua ya manjano na vitunda viwili vya kijani. "Karibuni biriani," akatuambia.

Tulicheka, tukataka hata kujifanya tunakula. Sote tulidhani ni tekoma, mti unaopandwa sana Nairobi. Nyanya mwenye nyumba hakucheka. Alilivunja jani lililokuwamo koponi, ukatoka utomvu mweupe kama maziwa. Papo hapo alimfungua mtoto kinywa, akamkagua, akamnawisha mikono kwa sabuni. Alhamdulillahi, hakuwa ameonja.

Mti ule ni Thevetia peruviana, jamaa ya oleanda, wenye asili ya Amerika ya kitropiki. Sehemu zake zote zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na mbegu ndizo kali zaidi. Kuukausha au kuuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Tuitofautisheje miti hii miwili, ambayo maua yake yote ni ya manjano na yenye umbo la tarumbeta? Tuanze na jani. Tekoma ina vijani kadhaa juu ya kikonyo kimoja, na kingo zake zina meno kama msumeno. Thevetia ina jani moja moja, jembamba, refu na la kung'aa. Kisha tutazame tunda. La tekoma ni ganda refu jembamba, lenye mbegu nyepesi zinazopeperuka. La thevetia ni nene, lina umbo linalokaribia pembetatu, ni la kijani na huwa jeusi likiiva, na ndani yake mna kokwa ngumu. Utomvu mweupe ni dalili nyingine, lakini tusiwaachie watoto kuuchunguza.

Mtoto akitafuna, tumtoe mabaki kinywani, tumsukutue kwa maji, wala tusimlazimishe kutapika. Tumkimbize hospitali upesi hata akionekana mzima, tukichukua jani na tunda ili daktari ajue alichokula. Kutapika, kizunguzungu na moyo kwenda mrama huweza kufuata.

Jioni ile akina mama wa ua ule waliwaongoza watoto hadi penye mti, wakawaonyesha jani na tunda, wakaokota vitunda vyote vilivyoanguka. Biriani ya siku iliyofuata ilipikwa kwa mchanga. Nasi tuliporejea Mombasa, jambo la kwanza lilikuwa kuukagua ua wetu wenyewe. Tahadhari kabla ya hatari.